Mlima Unakula Breki: Vidokezo kwa Mwenye Pikipiki Chini ya Uluguru

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 14, 2024, mji wetu umepata wakazi wa aina mpya: watu wa Ijumaa jioni. Wiki nzima wako ofisini Dar, Ijumaa wanashuka stesheni na begi mgongoni, Jumamosi alfajiri wako Mkuyuni au Mlali wanakagua mihogo. Ongeza hapo wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) na wa Mzumbe, walimu waliopangiwa shule za milimani, mabwana shamba, na wastaafu waliorudi kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Wote hawa, mapema au baadaye, hununua pikipiki.

Pikipiki ya Uluguru ina maisha magumu kuliko ya Kariakoo. Inapanda, inashuka, inavuka maji, inakula vumbi kiangazi na tope masika, na wikiendi inatakiwa ikupeleke kutembea kama vile haijafanya kazi yoyote. Vidokezo hivi sikuvipanga kwa uzito, isipokuwa cha kwanza. Ukisoma hicho tu ukaweka gazeti chini, sitakulaumu.

1. Shuka kwa gia uliyopandia

Watu huogopa kupanda. Wanauliza kama cc 125 itafika Nyandira ikiwa na mtu nyuma. Itafika. La kuuliza ni itarudije. Pikipiki za huku huharibikia kwenye mteremko, na waendeshaji vilevile.

Boxer, TVS na ndugu zao wa Kichina nyingi zina breki za ngoma, ama magurudumu yote mawili au la nyuma peke yake. Ndani ya ngoma kuna shuu mbili. Ukikanyaga pedali zinatanuka na kusugua ukuta wa ngoma. Msuguano huo ni joto. Kwenye tambarare joto linapata nafasi ya kupoa. Ukitoka Langali kushuka Mlali halipati. Kanyaga mfululizo na shuu zitachemka, uso wake utakuwa laini na kung'aa, kisha pedali itakwenda chini na pikipiki isipunguze mwendo. Kabla mambo hayajafika huko utasikia harufu, kama ya nguo iliyosahaulika chini ya pasi. Ukiisikia, simama. Keti, kunywa maji, zungumza na wapita njia. Ngoma ipoe yenyewe. Usiimwagie maji ya mtoni, chuma cha moto kikikutana na maji baridi kinaweza kupasuka.

Breki yako kubwa ni injini. Ukiachia mafuta ukiwa gia ya kwanza au ya pili, injini inalishika gurudumu la nyuma na wewe unagusa breki kwenye kona tu. Vijana wa vijiweni wana kanuni fupi: kilima ulichokipanda kwa gia ya pili, kishuke kwa gia ya pili. Wenyewe hawaifuati kila mara. Utawaona wamezima injini, wameweka frii, wanaserereka kimya na abiria wawili nyuma ili kuokoa petroli. Petroli yenyewe inayookolewa ni ya tone kwa tone. Ukipanda bodaboda ya namna hiyo, omba kwa heshima awashe injini. Akikataa, shuka utembee, mandhari ni mazuri.

Kukagua ni rahisi. Nyuma, pembeni ya ngoma, mkono wa breki una mshale mdogo. Kanyaga breki huku unautazama. Ukivuka alama ya mwisho iliyochongwa kwenye bamba, shuu zimekwisha, hata kama breki bado zinashika. Fundi mmoja wa Bigwa ana namna yake ya kupima mkazo. Anaisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, anaweka frii, anainamisha kichwa mpaka sikio likaribie ngoma, kisha anazungusha gurudumu kwa kidole kimoja. "Sikiliza, bosi." Anataka lizunguke likisema shaa kidogo, sehemu moja tu ya mzunguko. Likiwa kimya kabisa, breki iko mbali. Likisugua mzunguko mzima, imebana na itachemka hata pasipo kukanyagwa. Anakaza nati ya nyuma ya fimbo nusu mzunguko, anazungusha tena, anasikiliza tena. Kazi ya dakika mbili, na spana yenyewe huja na pikipiki.

2. Nunua pikipiki ambayo fundi wa kijijini anaijua

Kuna watu wanaokuja na pikipiki kubwa za kupendeza, zile za safari ndefu. Nawapongeza. Lakini siku waya wa klachi utakapokatika Kibungo, hakuna atakayekuwa nao. Waya wa klachi ya Boxer unaning'inia kwenye msumari katika duka linalouza pia sabuni na maharage. Kwa maisha ya huku, upatikanaji wa vipuri unaizidi nguvu ya injini kwa mbali.

Kama unaishi juu kabisa, muulize fundi kuhusu kubadili sproketi ya mbele na kuweka yenye jino moja pungufu. Pikipiki itapanda kwa urahisi zaidi na injini itashikilia vizuri zaidi kwenye mteremko. Mwendo wa kasi barabarani utapungua. Sidhani kama ni hasara.

3. Klachi si ngazi

Kwenye mpando, shuka gia mapema, kabla injini haijaanza kulalamika. Kosa la wengi ni kubaki gia ya tatu na kuichezea klachi nusunusu ili kuisaidia injini. Sahani za klachi zinateleza, zinaungua, na baada ya muda utasikia injini inapiga kelele lakini pikipiki haiendi. Hakikisha mkono wa klachi una uchezaji wa milimita mbili tatu kabla haujaanza kuvuta. Waya uliobana sana huteleza klachi hata usipoigusa.

4. Cheni: sentimita mbili hadi tatu

Weka stendi kubwa, shika cheni katikati ya sproketi mbili upande wa chini, ipandishe na kuishusha. Kwa pikipiki nyingi za hapa inatakiwa icheze sentimita mbili hadi tatu. Kitabu cha pikipiki yako kitakupa kipimo kamili. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni iliyochakaa hubana pengine na kulegea pengine. Pimia pale inapobana zaidi. Ikibana mno itakula beringi. Ikilegea mno itaruka, na cheni huruka ukiwa umepakia gunia katikati ya kilima.

Isafishe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ifute, kisha ipake oili kidogo usiku ili hadi asubuhi iwe imepenya. Kidogo, nasema. Cheni inayochuruzika oili kwenye barabara ya Mgeta mwezi wa Agosti inageuka msasa. Na meno ya sproketi yakishachongoka na kulala upande mmoja, badilisha seti nzima. Cheni mpya juu ya sproketi mbovu ni pesa iliyotupwa.

5. Oili ibadilishwe kwa mlima, si kwa kitabu

Kitabu kiliandikiwa barabara ya wastani. Hakikuwazia mtu anayepanda kwa gia ya kwanza kilomita nzima na magunia mawili ya kabichi. Bodaboda wa huku wanaojali mashine hubadilisha oili mapema zaidi ya inavyoandikwa, na hapo nawaunga mkono. Pikipiki nyingi za aina hii hutumia 20W-50, lita moja na kidogo. Pima kiwango chake pikipiki ikiwa wima, mahali tambarare, na injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Tambarare yenyewe ukiishi Tegetero ni ya kutafuta. Uwanja wa shule unafaa.

Nunua chupa ambayo wewe mwenyewe unavunja lakiri yake. Oili ya kujaziwa kwenye chupa kuukuu hujui imetoka injini ya nani.

6. Usikubali kabureta irekebishwe milimani kama unalala mjini

Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Nyandira iko juu ya mita 1,500. Hewa ya kule ni nyepesi zaidi, lakini kabureta haina habari, inaendelea kutoa petroli kwa kipimo cha mjini. Matokeo yake injini inakuwa nzito, moshi unakuwa mweusi, plagi inashika masizi. Mtu anaingiwa na hofu, anaenda kwa fundi wa hukohuko juu, fundi anageuza skrubu mpaka injini inaimba vizuri. Jioni anashuka mjini. Huku chini hewa ni nzito, petroli inayokuja sasa ni chache, na injini inachemka kuliko kawaida bila yeye kujua sababu.

Kama wewe ni mkazi wa juu, kabureta irekebishwe juu. Kama ni mgeni wa siku mbili, vumilia uzito, fungua plagi, isugue kwa brashi ya waya, ifute, irudishe, endelea na safari. Na kabla ya kumlaumu mlima kwa lolote, angalia ea klina. Kiangazi, ukifuata lori la mboga kutoka Sangasanga hadi Mlali, vumbi linalokujaa puani ndilo linaloijaa hiyo. Ya sponji ioshe kwa maji ya sabuni, ikaushe kivulini, ipake oili kidogo na kuikamua. Ya karatasi ikung'ute. Ikiwa nyeusi nunua nyingine.

7. Ijue mvua ya upande wako

Uluguru si mlima mmoja kwa hali ya hewa. Pepo za Bahari ya Hindi zinagonga upande wa mashariki kwanza, hivyo Kinole, Tegetero na Matombo hupata mvua hata miezi ambayo kalenda inasema ni kiangazi. Upande wa magharibi, wa Mgeta, una ukavu zaidi na baridi zaidi. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo kipimo cha kweli cha tairi zako na subira yako. Vuli huja kuanzia Oktoba na huwa na manyunyu ya kudanganya: barabara inalowa juu tu, vumbi linakuwa utelezi, na hapo ndipo watu wazima hulala chini mbele ya watoto wa shule.

Mvua ikikukuta njiani, subiri chini ya bati la mtu. Saa moja ya jua baada ya mvua inaibadilisha barabara kabisa. Tope jekundu likijaa kati ya tairi na madigadi, usilazimishe, gurudumu litagoma na klachi itaungua. Simama ulikwangue kwa kijiti. Wengine huinua madigadi ya mbele masika yote. Sura inaharibika, safari inaendelea.

8. Mto usioona chini yake, usiuvuke

Vua viatu, uingie kwa miguu kwanza. Maji yakikufika magotini, rudi. Yakiwa chini ya hapo, gia ya kwanza, mafuta sawasawa bila kuongeza wala kupunguza, macho ng'ambo. Injini ikizimika majini usipige kiki wala stata. Isukume itoke, fungua plagi, piga kiki mara kadhaa maji yatoke, ndipo uiwashe. Ukishavuka, tembea taratibu huku umekanyaga breki kidogo ili shuu zikauke. Ngoma iliyolowa haishiki, na baada ya mto mara nyingi kuna mteremko mwingine.

9. Upepo, pancha na vitu vya begini

Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150, upepo wa psi 25 mbele na 28 nyuma unatosha ukiwa peke yako. Ukiwa na mtu au mzigo, nyuma peleka 32. Wajazaji wengi hujaza mpaka tairi ligonge kama jiwe. Tairi gumu hivyo linarukaruka juu ya mawe na kuteleza kwenye tope.

Begini: tyubu moja ya akiba, vyuma viwili vya kuvulia tairi, viraka na gundi yake, pampu ndogo, plagi na spana yake, waya wa klachi, kipande cha waya mwembamba, plaizi, na vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka tyubu mbovu. Vipande hivyo vinafunga kila kitu kuanzia eksosi iliyolegea hadi mkungu wa ndizi. Jifunze kuvua tairi nyumbani kwako siku ya utulivu, na chai pembeni.

10. Petroli ijae mjini

Ukishaacha barabara kuu vituo vinakuwa vya kuhesabu, na baada ya hapo ni chupa mezani mbele ya duka. Chupa hizo zimewaokoa wengi, sizibezi. Ila inua chupa kwenye mwanga kabla hujalipa. Maji hutulia chini na utaona mstari. Nusa pia: enzi za uchakachuaji, kabla mamlaka ya nishati, EWURA, haijaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilikuwa jambo la kila siku, na pua ya mwendesha pikipiki wa zamani haijasahau. Chuja kwa kitambaa safi.

Usiweke akiba ya petroli ndani ya nyumba, hata lita moja, hata kama jirani anafanya hivyo. Watu wa Morogoro hawahitaji kuelezwa sana juu ya hilo. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu; watu wakiwamo vijana wa bodaboda walikuwa wakichota petroli iliyomwagika lilipolipuka. Walikufa zaidi ya 100.

11. Pikipiki inayolala Jumatatu hadi Ijumaa

Hii ni ya watu wa treni. Kabla ya kurudi Dar Jumapili, funga koki ya petroli na uache injini izime yenyewe ikimaliza iliyobaki ndani ya kabureta. Petroli inayokaa humo siku nyingi inaacha utando kwenye matundu membamba, na Jumamosi nzima itaishia kwenye kupiga kiki. Ukiondoka kwa mwezi, chomoa waya wa betri.

Halafu panya. Pale SUA shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, kazi inayojulikana dunia nzima. Wale wa bandani kwako hawajasoma. Wanatafuna nyaya za taa na kutengeneza kiota chini ya siti, hasa kukiwa na magunia ya mahindi karibu. Tenga pikipiki na nafaka.

12. Mwisho wa barabara si mwisho wa matembezi

Sasa mapumziko yenyewe. Kosa la mgeni mwenye pikipiki ni kutaka ifike kila mahali. Uluguru ni mlima wa miguu. Pikipiki kazi yake ni kukufikisha mahali miguu inapoanzia.

Karibu zaidi ni Morningside, juu ya mji, kwenye nyumba iliyojengwa enzi za Wajerumani. Bodaboda hufika, lakini barabara ni ya mawe na kona kali. Anayejifunza aiache chini atembee kando ya mashamba na vijito. Kutoka hapo njia inaendelea msituni kuelekea Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano inayoonekana kutoka mjini mawingu yakiondoka. Lupanga, chenye mita 2,138, ndicho kinachouangalia mji moja kwa moja, na ni kazi: zaidi ya mita 1,600 kwenda juu, mizizi, utelezi, na mawingu yanayoweza kukunyima mandhari yote ukishafika. Anza alfajiri. Watoto wadogo usiende nao huko. Wao wapeleke Rock Garden wakaruke juu ya mawe na kuchezea maji.

Misitu ya juu iko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, yenye hekta zaidi ya 24,000 chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuingia kuna kibali na ada, na ofisi iko mjini, kwa hiyo maliza hilo Ijumaa. Chukua mwongozaji wa kijijini. Atakuonyesha njia, na kama ana jicho, atakuonyesha ndege mwenye kichwa cheusi na tumbo la manjano ambaye wanasayansi humwita Malaconotus alius. Dunia nzima anaishi kwenye milima hii tu. Husikika zaidi ya kuonekana, ndiyo sababu kishindo cha eksosi msituni ni ukosefu wa adabu.

Pikipiki iache kwa mtu, si kwenye kichaka. Mwenye duka, mwenyekiti wa kitongoji, mama mwenye mgahawa. Kubaliana kabla kuhusu chai yake, funga usukani, ondoka na ufunguo.

13. Mgeta kwa wikiendi nzima

Kama una Jumamosi na Jumapili, kata Sangasanga, pita Mzumbe na Mlali, panda Langali hadi Nyandira. Barabara inakupitisha kwenye kabichi, viazi, njegere na karoti zilizopandwa kwenye miteremko ambayo ungedhani mbuzi tu ndiye angesimama. Na mbuzi wapo: mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, walioletwa miaka ya 1980 kupitia chuo cha Sokoine, na wafugaji wa huku mpaka leo wanakunywa na kuuza maziwa yake. Yajaribu kwenye chai.

Upande wa Bunduki kuna maporomoko ya Hululu. Wenye pumzi hupanda hadi uwanda wa Lukwangule, juu ya mita 2,400, nyasi na ukungu mahali ambapo macho yalitegemea msitu. Beba sweta zito. Juni na Julai baridi ya huko inawashangaza watu wa Dar mpaka wanavaa taulo. Asubuhi injini nayo itagoma kidogo; vuta choki, iache ipate joto dakika mbili, ndipo uanze kushuka.

Ukinunua mboga za kurudi nazo, mzigo ukae chini na mbele kadiri iwezekanavyo. Kiroba kinachoning'inia nyuma ya taa kinanyanyua gurudumu la mbele kwenye kona ya mpando, na kwenye mteremko kinakusukuma.

14. Upande wa mashariki una viungo

Barabara ya Bigwa kwenda Kisaki ni hadithi tofauti: joto, minazi, ndizi, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Ukikata kwenda Kinole unaingia himaya ya Chifu Kingalu, ambaye jina lake limepewa soko kuu la mjini. Wakati wa mavuno watu huanika karafuu kwenye mikeka kandokando ya barabara. Punguza mwendo. Vumbi lako linamharibia mtu bei, na gurudumu likipita juu ya mkeka utalipa, tena ni haki.

15. Njia ni shamba la mtu

Vijia vingi vya Uluguru vinapita katikati ya mashamba, na ardhi hiyo ni ya koo zinazorithi kupitia kwa mama. Watu wa hapa wanalijali shamba lao kuliko wageni wanavyodhani: mwaka 1955 walipinga hadharani mradi wa wakoloni uliowalazimisha kuchimba matuta, na serikali ikalazimika kuuacha. Kwa hiyo zima injini, vua kofia ngumu, amkia wakubwa shikamoo, kisha uliza njia. Mtu aliyeamkiwa vizuri atakutuma mtoto akusindikize. Aliyepuliziwa moshi atakuonyesha njia ndefu.

16. Mguu wa kulia

Karibu pikipiki zote za huku zina eksosi kulia. Panda na kushuka kwa kushoto, na umfundishe hivyo kila abiria, hasa mgeni aliyevaa kaptula kwa sababu eti anakwenda kutembea. Kofia ngumu ni mbili, yako na yake. Viatu vifunike kifundo; buti za mpira zinatosha na huuzwa kila gulio. Kiangazi vaa mikono mirefu hata kukiwa na joto, maana upupu uliokauka kando ya njia hausubiri uuguse, upepo unauleta.

17. Usioshee mtoni

Najua inavutia. Maji yanapita, tope limeganda, watoto wako tayari kusugua kwa mia mbili. Lakini vijito vya upande wa Mlali vinaelekea bwawa la Mindu, ambalo maji yake mji wa Morogoro unakunywa, na vya mashariki vinaingia Ruvu, ambayo inawafikia mabombani watu wa Dar es Salaam. Grisi na oili yako wataikuta. Chota ndoo mbili, oshea juu kwenye majani mbali na ukingo, na usipige maji kwa nguvu kwenye beringi za magurudumu wala kwenye ea klina.

Oili chafu uliyoimwaga pia usiizike. Iweke kwenye dumu ulitangazie mtaa. Kabla ya jioni atatokea mtu anayejenga banda na anataka kupaka nguzo zake dhidi ya mchwa, na kuna uwezekano mkubwa atakuja na mkungu wa ndizi.